Uraibu wa mitandao vyuoni Uganda: ni simu, ni mwanafunzi au ni grupu la darasa?

Sema mbele ya wazazi wa Kampala kwamba wanafunzi wa vyuo wamekuwa watumwa wa TikTok, uone kama kuna atakayekupinga. Mchungaji ataongeza mstari wa Biblia, mhadhiri atatoa mfano wa darasani kwake, na wanafunzi wenyewe wataitikia kwa kichwa huku kidole gumba kikiendelea na kazi. Jambo likikubaliwa na watu wote kwa haraka namna hiyo, mimi huanza kulitilia shaka. Mara nyingi huwa si jambo moja.

Ndani ya hiki tunachokiita uraibu wa mitandao kuna kinachotokana na programu zenyewe, namna zilivyotengenezwa. Kuna kinachotokana na chuo, kwa sababu siku hizi ni vigumu kusoma Makerere, Kyambogo au Gulu ukiwa nje ya WhatsApp. Na kuna ambacho mwanafunzi alikuja nacho kutoka nyumbani, upweke au wasiwasi aliokuwa nao kabla ya simu yake ya kwanza. Kwa nje vyote vinafanana: kijana ameinamia skrini. Ila ushauri unaofaa kwa kimoja haufai kwa kingine, na hicho cha chuo, kwa maoni yangu, kinazungumzwa kidogo mno kuliko uzito wake.

Njiwa wa Skinner

Tuanze na programu, maana hapo mambo yako wazi. Mwaka 2006 mbunifu Mmarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: ukikaribia chini, mambo mengine yanapakia yenyewe. Kabla ya hapo kila ukurasa ulikuwa na mahali unapoishia, na hapo mtu alipata nafasi ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Nafasi hiyo ikaondolewa. Raskin mwenyewe alikuja kujuta hadharani. Februari 2009 Facebook ikaleta kitufe cha laiki. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani kwamba waliijenga wakijua kabisa kuwa wanacheza na udhaifu wa akili ya binadamu.

Udhaifu gani? Ulijulikana zamani, kabla hata ya kompyuta kuingia majumbani. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwaweka njiwa kwenye visanduku vyenye kitufe. Wakidonoa, wanapata punje. Njiwa aliyepewa punje baada ya idadi ileile ya midonoo alikuwa akishakula anapumzika kidogo kabla ya kuanza tena. Aliyepewa bila mpangilio, mara baada ya midonoo mitatu, mara baada ya thelathini, alidonoa mfululizo, na hata punje zilipokatwa alichelewa sana kukata tamaa. Wavuvi wa Ggaba wanalijua hili bila kusoma saikolojia: nyavu ingetoka na samaki walewale kila alfajiri, uvuvi ungekuwa kazi kama kazi nyingine. Kinachomrudisha mtu ziwani ni kwamba leo anaweza kutoka mikono mitupu na kesho akavuta sangara wa kilo 30.

Na ubongo nao una namna yake ya kuhesabu. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz aliwapa nyani matone ya juisi huku akipima seli zao za dopamini, mojawapo ya kemikali za ubongo. Juisi ilipokuja ghafla, seli zilisisimka. Nyani alipokwisha kujifunza kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli ziliisisimkia taa, na juisi yenyewe ilipofika kama ilivyotarajiwa hazikujali. Kwa hiyo maneno yanayopendwa kuandikwa, kwamba dopamini ni kemikali ya raha, hayako sawa. Inafanya kazi zaidi kwenye matarajio. Ndiyo maana mlio wa WhatsApp una nguvu kuliko ujumbe uliouleta, ambao mara nyingi ni salamu za asubuhi kutoka kwa shangazi, zenye picha ya maua na kikombe cha chai.

TikTok imekamilisha tu kazi hiyo. Huna hata haja ya kuwa na marafiki humo: inatazama umesita wapi, video ipi umeirudia, ipi umeiruka, kisha inapanga inayofuata. Nne za kawaida, ya tano inakuvunja mbavu. Unaendelea ukiitafuta ya tano nyingine.

Je, ni ugonjwa?

Kwenye orodha rasmi za magonjwa, uraibu wa mitandao ya kijamii haupo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unaitambua kamari kama uraibu, na michezo ya intaneti umeiweka kwenye sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina kamari na ina michezo ya kidijitali. Instagram, TikTok, WhatsApp: hakuna. (Mwanafunzi anayebeti mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa simu hiyohiyo, akila ada ya semista, yeye tatizo lake lina jina rasmi. Ajabu ni kwamba wazazi wengi wanaiogopa TikTok zaidi.)

Kutokuwepo kwenye orodha hakumaanishi kwamba watu hawaumii. Maana yake ni kwamba wataalamu hawajakubaliana mpaka unachorwa wapi. Watafiti wengi hutumia kipimo kilichotoka Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, mwaka 2012, kilichoongozwa na Cecilie Schou Andreassen. Kilitengenezwa kwa ajili ya Facebook, baadaye kikapanuliwa kwa mitandao yote. Kina maswali sita, na kila moja unajibu kuanzia mara chache sana hadi mara nyingi sana: Je, unaifikiria mitandao hata ukiwa unafanya mambo mengine? Unahitaji kuongeza muda kila mara? Unaitumia kusahau shida zako? Umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa? Unahangaika ukikosa? Imeharibu masomo au kazi yako?

Maswali mazuri. Sasa yapeleke Kansanga, karibu na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, ambako Kiswahili cha Nairobi, cha Mwanza na cha Bukavu unakisikia kwenye foleni moja ya rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Chukua mwanafunzi aliyetoka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Anaamka saa tisa usiku kuangalia simu. Anaifikiria mchana kutwa. Bando likikata anahangaika. Amejaribu kupunguza, ameshindwa. Alama zake kwenye kipimo zitakuwa juu, na anachotafuta humo ni kujua kama mama yake amepata maji na kama mdogo wake amerudi nyumbani. Mwenzake wa chumba, anayeuza viatu vya mtumba kupitia status ya WhatsApp na TikTok, naye ataonekana mraibu: hiyo ndiyo ada yake. Wa tatu anakesha kwenye video za watu wasiomhusu kwa sababu amefeli masomo mawili na hajui atawaambiaje wazazi. Yeye ndiye wa kumtazama kwa karibu, na huenda saa zake mtandaoni ni chache kuliko za hao wawili.

Kwa hiyo kuhesabu saa peke yake hakusaidii. Simu ya siku hizi itakuonyesha umekaa saa sita, saba kwenye skrini. Haitakuonyesha ulikuwa ukikimbia nini.

Punje za kweli

Hapa ndipo napenda tukae kidogo. Shika simu ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, hosteli ya Kikoni, saa moja asubuhi. Grupu la darasa lina jumbe zaidi ya mia mbili tangu jana jioni. Kuna ubishi wa Arsenal na Manchester United ulioanza saa tatu usiku na bado haujaisha. Kuna anayeuza pasi na birika la umeme kwa sababu anahama. Kuna stika. Kuna mchango wa mwenzao aliyefiwa, na namba ya mobile money ya kutumia. Kuna mtu ameuliza swali ambalo limeshajibiwa mara tatu. Kuna noti za mhadhara zilizopigwa picha zikiwa zimepinda, kurasa kumi na moja. Na katikati ya yote hayo, bila rangi wala alama, kuna ujumbe wa mwakilishi wa darasa: mhadhiri amesogeza mtihani mdogo, sasa ni leo saa nne, chumba kimebadilika.

Ujumbe huo mmoja una alama zake za semista ndani, na hawezi kujua uko wapi bila kupita zote. Rudi kwa njiwa: zawadi isiyo na mpangilio, kitufe kilekile. Ila hapa punje ni za kweli, na atakayeacha kudonoa atakosa mtihani. Halafu tunamwambia mtu huyu ajifunze kujizuia.

Hali hii ilikuwepo kabla ya Korona, lakini Korona iliipigilia misumari. Vyuo vilifungwa Machi 2020; wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurudi Oktoba mwaka huo, wengine wakasubiri, na vikafungwa tena mwaka 2021. Masomo yalihamia kwenye simu, kwa waliokuwa nazo. Madarasa yalipofunguliwa, walimu na wanafunzi walirudi ukumbini, ila matangazo, kazi za nyumbani na vikao vya makundi vilibaki kwenye WhatsApp. Mifumo rasmi ya masomo ya vyuo ipo, na mingine ni mizuri. Tatizo ni kwamba tangazo la haraka haliendi huko.

Kuna utafiti mmoja ambao naona unalieleza jambo hili kuliko mengi niliyoyasoma, ingawa ulifanyika Marekani. Mwaka 2023 Leonardo Bursztyn wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake waliwauliza wanafunzi wa vyuo zaidi ya 1,000: mngetaka mlipwe kiasi gani ili mfunge akaunti zenu za TikTok kwa mwezi mmoja? Kwa wastani walitaka dola 59. Kisha wakaulizwa: na kama karibu wanafunzi wote wa chuo chenu wangefunga pamoja na nyinyi? Hapo mambo yakageuka. Kwa wastani walikuwa tayari kutoa dola 28 zao wenyewe ili jambo hilo litokee. Yaani kitu ambacho kila mmoja peke yake hawezi kukiacha bila fidia, wengi wao wangelipa ili kisiwepo kabisa. Walikuwa wamekwama pamoja, na kila mmoja alibaki kwa sababu wengine wamebaki.

Hiyo ilikuwa TikTok, ambayo ukiikosa unakosa tu mazungumzo ya mezani. Grupu la darasa linakufungia nje ya darasa lenyewe.

Dawa ya serikali

Uganda imewahi kujaribu kuweka vikwazo njiani, ingawa haikuwa kwa ajili ya afya ya wanafunzi. Machi 2018 Rais Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha akitaka umbea wa mitandaoni, lugambo, ulipiwe kodi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alilipa shilingi 200 kwa siku. Kama lengo lingekuwa kuwapunguzia watu mazoea, lingekuwa jaribio zuri: gharama ndogo, kila siku, kabla ya kufungua. Wapo walioacha, hasa wenye kipato kidogo kabisa. Vijana wengi walijifunza VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Mwaka wa kwanza kodi haikufikia hata robo ya makusanyo yaliyotarajiwa, na Julai 2021 ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 2021. Mitandao ya kijamii ikazimwa, halafu intaneti nzima kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi Facebook ilibaki imefungwa, na miaka ikaendelea kupita hivyo. Waganda hawakuacha Facebook kwa sababu hiyo. Waliifungua kwa VPN, ambayo inakula data zaidi na kumaliza betri haraka. Wengine walihamia X (iliyokuwa Twitter) na TikTok. Kuufunga mlango mmoja wakati sababu ya watu kupita iko palepale kunawafanya wapite dirishani, na wanaoumia ni wenye bando dogo.

Usiku

Ukiniuliza madhara yaliyo wazi zaidi ni yapi, sitataja msongo wa mawazo kwanza. Nitataja usingizi. Na usingizi wa mwanafunzi wa Uganda una adui ambaye hatajwi kwenye makala za Ulaya: bei. Kampuni za simu huuza bando za usiku wa manane kwa bei ya chini sana kuliko za mchana, kwa sababu saa hizo mitambo haina kazi. Mwenye shilingi chache anafanya hesabu rahisi: mchana atapata MB za kuonjea, usiku atapata GB za kutosha. Basi anasubiri saa sita. Anapakua mihadhara, anasasisha programu, na kwa kuwa data ipo na itakufa alfajiri, anamalizia na video. Saa mbili asubuhi yuko ukumbini, macho mekundu, na mhadhiri anaona kizazi kilichopotea.

Watu huzungumza sana kuhusu mwanga wa skrini. Mimi naona saa zilizopotea zenyewe zinatosha kueleza mengi.

Kuhusu huzuni na wasiwasi, ushahidi una kona. Tafiti nyingi huwauliza watu mara moja tu, zikakuta wanaotumia sana wana huzuni zaidi, lakini haziwezi kusema kipi kilitangulia. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walipitia takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza. Matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao, uhusiano mdogo unaokaribiana na ule wa kula viazi. Upande wa pili, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwachukua wanafunzi 143, wakawataka baadhi yao wasizidishe dakika 10 kwa siku kwenye kila mmoja wa mitandao mitatu: Facebook, Instagram na Snapchat. Baada ya wiki tatu upweke wao ulipungua, na waliokuwa na dalili nyingi za sonona walipata nafuu zaidi ya wengine.

Matokeo hayo hayapingani sana kama yanavyoonekana. Wastani wa watu laki tatu unaweza kuwa karibu na sifuri huku wachache ndani yake wakiumia kweli. Hao wachache ndio wa kutafutwa, na hawatapatikana kwa kuwahubiria wote.

Nini kifanyike

Kwa yule wa tatu wa Kansanga, anayekimbia matokeo ya mtihani, simu ni dalili. Ukiinyang'anya utabaki na kijana aliyefeli, mwenye hofu, asiye na pa kuificha. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Makerere ina kituo chake cha ushauri nasaha. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara na Gulu, zina vitengo vya afya ya akili. Na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ipo, ingawa jina lake bado linawatisha watu kuliko linavyostahili. Alama za kuangalia ni za kawaida: ameacha kuhudhuria masomo, halali usiku, hali chakula vizuri, amejitenga hata na marafiki wa zamani, amejaribu kuacha mara nyingi na kila akishindwa anajichukia zaidi.

Kwa aliyenaswa na programu tu, mbinu zinazofanya kazi ni zile zinazorudisha mahali pa kusimama. Zima milio yote isipokuwa simu za kupigwa. Ondoa TikTok kwenye simu uifungue kwa kivinjari, uone itakavyokuchosha. Laza simu mbali na kitanda. Nunua saa ya kengele ya bei rahisi pale soko la Owino, ili simu isipate kisingizio. Kutegemea nia peke yake ni kujipa kazi ambayo wahandisi wanalipwa mishahara mikubwa kuivuruga.

Lakini kwa walio wengi kazi iko kwenye grupu. Darasa linaweza kuwa na magrupu mawili: moja la soga, Arsenal na birika, jingine la matangazo, ambapo mwakilishi na mhadhiri peke yao ndio wanaoandika, na wanaandika kwa saa inayojulikana, tuseme saa kumi na mbili jioni. Aliyesoma la pili mara moja kwa siku hajakosa kitu, na la kwanza anaweza kulinyamazisha wiki nzima bila wasiwasi. WhatsApp ina mpangilio wa kuwaruhusu wasimamizi tu kuandika, na kuuweka hakuchukui dakika moja. Kazi ngumu ni kumshawishi mhadhiri asitume tangazo saa tano usiku kwa mtihani wa saa mbili asubuhi.